Hodi Tatu za Mlango wa Mbele

Katika mji ule fikra zilikuwa na miili. Usiniulize mji gani, maana hata waliozaliwa humo ukiwauliza jina lake wanakuonyesha ardhi kwa kidole, hapa, kisha wanaendelea na shughuli zao. Ninalolijua ni hili: mtu akiwaza jambo mara moja, lilipita tu kama harufu ya samaki anayekaangwa kwa jirani. Akiliwaza mara ya pili, lilisimama nje na kukohoa. Akiliwaza mara ya tatu, ndiyo basi tena, limeshaingia, limevua viatu, linauliza leo mnapika nini. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na kigoda kimoja cha ziada, na adabu ya mji ilikuwa kwamba fikra ya mwenzako ukiikuta imekaa kigodani, unaipita kama hukuiona. Huisalimii, huiulizi habari. Ukimtajia mtu fikra yake mbele za watu umemvua nguo.

Mwalimu Kazija alikuwa na ya kwake, na ilikuwa kubwa. Ilikuwa na umbo la mwanamke, tena umbo lake yeye mwenyewe, kanga ya kijani aliyoivaa siku moja ya zamani, na viatu vyenye vumbi la siku ile ile. Jina lake lilikuwa Hanitaki. Asubuhi ilimwamsha, ikamngoja apige mswaki, ikafuatana naye mpaka shuleni, ikakaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Makelele haikuwa nayo. Ilimtazama tu, na kila alipotaka kucheka kwa sauti ilitikisa kichwa taratibu, naye kicheko akakimeza. Na kazi yake Mwalimu Kazija, cheka ukitaka, ilikuwa kuwafundisha watoto jinsi fikra zinavyowaendesha watu.

Sasa kuhusu miaka, hapo sitakudanganya. Kalenda ya shule ile ilikuwa na mwezi mmoja tu, ukiisha unaanza upya. Watoto hawakukua kwa kula wala kwa kulala. Walikua siku walipoelewa jambo: utamwona mtoto amekaa, mara kola ya shati inambana, basi unajua limemwingia. Mwalimu Kazija mwenyewe alikuwa amesimama pale pale alipokuwa, na mvi zake saba, siku zote saba. Ukimuuliza ni lini mara ya mwisho alipomwona dada yake, atakwambia miaka kumi na miwili. Kesho yake atakwambia thelathini. Siku nyingine anafikia kusema juzi, na uso unamwiva kama kweli ni juzi.

Dada yake aliitwa Mize. Walitoka tumbo moja, Mize wa kwanza yeye wa pili, hapakuwa na wa tatu. Na kama kuna mtu anayedhani hamu ni jambo la mashairi, basi angekaa na Kazija wakati wa kula. Alimkumbuka Mize kwa ukoko. Walipokuwa wadogo, chungu cha wali kikishapakuliwa, Mize aliukwangua ukoko wote akausukuma upande wa mdogo wake, akajidai meno yanamuuma. Meno yake yalikuwa mazima kabisa, alikuwa akitafuna miwa mchana kutwa. Sasa Kazija alijipikia wali peke yake, akaukwangua ukoko peke yake, na ukoko ule ukamkaa kooni. Jamani, mtu anaweza kumlilia mtu kwa punje za wali zilizoungua. Alilia hivyo mara nyingi, na Hanitaki ikimshikia sahani.

Siku ninayoisimulia ilikuwa alasiri, jua limeingia darasani mpaka nusu ya sakafu. Mwalimu Kazija alichukua chaki akaandika ubaoni maneno matatu, moja chini ya jingine. Niliwaza. Nilihisi. Nilifanya.

“Nani ataanza?” akauliza.

Akainuka Zuwena, msichana mwenye miguu mirefu na madaftari yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mabegani kwake ilipanda fikra yake, kitu kidogo kama mtoto wa miaka miwili, kimemshika masikio yote mawili. Kiliitwa Wananicheka.

“Juzi nilikwenda bombani, Mwalimu. Tunu na wenzake waliponiona tu wakaangua kicheko. Nikawaza wananicheka mimi, kwa ajili ya hizi nywele alizonisuka shangazi.”

“Ukahisi nini?”

“Haya. Uso ukawa wa moto.”

“Ukafanya nini?”

“Nikarudi na ndoo tupu, nikamwambia mama bomba limekauka. Na tangu siku hiyo nateka maji kule kisimani, mbali. Shingo yote inaniuma.”

“Uliwauliza wanacheka nini?”

“Watu wanaokucheka unawaulizaje, Mwalimu?”

Tunu, aliyekuwa dawati la pili, alishindwa kujizuia. “Heh! Siku ile? Mwalimu, haki ya Mungu tulikuwa tunamcheka jogoo wa Bwana Sururu! Katumbukia ndani ya ndoo ya Mwanate, katoka kalowa chapachapa, na bado akawika kwa maringo vile vile. Wewe tulikuita uje uone, ukageuka unakimbia!”

Darasa zima likavunjika mbavu. Zuwena alijikaza, akakunja uso, akakitafuta kile kinyongo chake cha siku nyingi, akakikosa, mwishowe akacheka kuliko wote. Kile kitu mabegani kikaachia sikio moja, kisha la pili, kikateremka kwenye dawati, kikasimama kinasuasua, halafu kikatoka nje kwenda kucheza. Hakuna aliyekifukuza. Na kola ya shati la Zuwena ikambana pale pale, kifungo cha juu kikaruka mpaka mlangoni.

“Mmeona?” Mwalimu Kazija akasema, naye amechangamka sasa. “Jogoo alikuwa yule yule mmoja. Kilichomrudisha Zuwena na ndoo tupu hakikuwa kicheko, kilikuwa neno alilojiambia alipokisikia kicheko. Neno likazaa haya, haya ikazaa safari ya kisimani. Mtu haendeshwi na mambo, wanangu. Anaendeshwa na habari anazojipa juu ya mambo, na mara nyingi habari hizo hakuzipokea kwa mtu yeyote, amejiandikia mwenyewe, akajitumia mwenyewe, akazisoma mwenyewe, akalia.”

Maneno mazuri. Alikuwa nayo mengi. Mtu anaweza kuijua dawa, akaipima, akawanywesha watu kijiji kizima, yeye akabaki na homa yake. Hapa ndipo mimi huwa najiuliza, na sijapata wa kunijibu: ni sisi tunaowaza fikra zetu, au ni zenyewe zinazotuwaza sisi? Maana ukimtazama Kazija pale mbele na Hanitaki kule nyuma, mmoja ana mvi saba na mwenzake hana hata moja, mmoja amechoka na mwenzake hajachoka, ungeshindwa kusema nani kamleta nani duniani. Labda siku ile ya zamani ni Kazija halisi aliyebaki na kanga yake ya kijani, na huyu anayefundisha ni fikra tu ya mtu aliyekataliwa, inatembea na chaki mkononi.

Kisha akatoa mfano wake wa mwisho. Ulikuwa mfano ule ule, kila darasa, kila mwezi ule mmoja.

“Palikuwa na mtu,” akasema, “aligombana na dada yake. Walikaa siku arobaini hawasemeshani. Siku ya arobaini na moja yule mdogo akaona hapana, damu ni damu, akaenda kwa dada yake. Akapiga hodi mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kabla ya ya tatu akasikia ndani kikombe kinawekwa juu ya kisahani. Ngli. Akapiga ya tatu. Kimya. Na mnajua kwetu hodi ni tatu, ukipiga ya nne umekuwa mdai. Akageuka akaenda zake. Haya. Aliwaza nini?”

“Hanitaki,” darasa likajibu kwa pamoja, na kule nyuma mwenye jina akaketi vizuri.

“Akahisi nini?”

“Uchungu.”

“Akafanya nini?”

“Hakurudi tena.”

“Je, angeweza kuwaza nini kingine?”

Mikono ikapanda. Labda dada alikuwa anasali. Labda anaoga. Labda anaumwa, sauti haitoki. Labda alikuwepo mgeni mwingine ndani, akawa anaona aibu. Mwalimu Kazija aliyaandika yote ubaoni, na kila alipoandika alimwangalia yule wa dirishani, na yule wa dirishani kila mara alimjibu kwa midomo tu, bila sauti: Na kikombe? Anayesali haweki kikombe. Anayeoga haweki kikombe. Ameketi, anakunywa chai yake, anakusikiliza unavyojidhalilisha. Hapo ndipo alipokwama. Ushahidi wake ulikuwa kikombe, na kikombe hakuwa amekiota, alikisikia kwa masikio yake mawili.

Zuwena alikuwa bado amesimama, kifungo ameshakiokota. Kukua kwa ghafla kunampa mtu ujinga fulani mtamu, anauliza asiloulizwa.

“Mwalimu, huyo mtu alipiga hodi mlango gani?”

“Mlango gani kivipi?”

“Wa mbele au wa uani?”

Mwalimu Kazija akafungua kinywa. “Wa mbele,” akasema.

“Kwa dada yake?” Zuwena akashangaa, na darasa likaanza kunong'ona na kucheka chini kwa chini. “Kwa dada yake wa tumbo moja, akasimama mlango wa mbele, kama mtu aliyeleta barua? Mimi kwa mama mkubwa nikifika napita uani moja kwa moja, hodi naipiga nikishafunua chungu.”

“Mlango wa mbele si wa wageni?” Tunu akauliza.

Chaki ikaanguka. Kule nyuma Hanitaki, kwa mara ya kwanza tangu ipate mwili, iligeuza uso ikatazama nje.

Mwalimu Kazija aliwaambia watoto wafunge madaftari, akatoka hata ubao hajafuta.

Kulikuwa na jambo ambalo katika mfano wake huwa halitaji. Mama yao alipofariki Kazija alichelewa matangani. Alikuwa ng'ambo ya mto, daraja limekwenda na maji, akafika siku ya tatu, miguu imevimba. Aliingia ukumbini wanawake wamejaa mikekani, akamtafuta Mize kwa macho, na Mize, ambaye alikuwa amemwosha mama peke yake na kumvika sanda peke yake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, “Haya, msogeleeni mgeni naye akae.” Mgeni. Neno hilo tu. Kazija alikaa nalo siku arobaini, na siku ya arobaini na moja alipokwenda kwa dada yake, miguu yake ilikuwa inaelekea uani kama ilivyozoea. Ni yeye aliyeigeuza. Alisema moyoni, nimeitwa mgeni, nitakwenda kigeni. Akajisimamisha mbele, penye kizingiti cha jiwe ambacho walipokuwa wasichana hawakukikanyaga isipokuwa siku ya kukifagia.

Hilo alilisahau. Ninyi mnashangaa, lakini mimi sishangai hata kidogo. Mtu halisahau alilotendewa, husahau lile dogo alilolitenda yeye dakika moja kabla.

Njia ya kwenda kwa Mize ilikuwa fupi, lakini siku ile ilijirefusha. Alipita pale walipokuwa wakiruka kamba, na kamba ilikuwa ingali inazunguka, hakuna anayeishika. Akapita dirisha ambalo ndani yake mama alikuwa hai, anachambua mchele, hakuinua kichwa. Hanitaki ilikuwa inamfuata hatua mbili nyuma, inahema.

Unakwenda wapi? Kwa dada. Hakutaki. Nani kasema? Ulisikia mwenyewe. Nilisikia nini? Kikombe. Kikombe kilisema nini? Hakutaki. Kikombe hakina mdomo. Hakutaki. Umeniambia hivyo miaka kumi na miwili. Thelathini. Mingapi? Hakutaki. Hujui neno lingine? Hakutaki. Na mimi nikikwambia ninamtaka mimi? Ninamtaka, unasikia, namtaka mpaka mifupa inauma, namtaka aje ajidai meno yanamuuma.

Ile fikra haikuwa na jibu la hilo. Haikufundishwa.

Wakafika mlango wa mbele. Kizingiti cha jiwe kilikuwa kimeota majani pembeni. Hanitaki ikasimama mahali pake pale pale, viatu vyake vikakaa juu ya nyayo zake mwenyewe za siku ile, ikamwonyesha mlango kwa kidevu: piga basi, uone. Kazija akainua mkono. Ulimi ulishaikunja ile hodi, ilikuwa tayari. Alijua kabisa yatakayofuata: tatu, kimya, na njia ya kurudi ingekuwa nyepesi kwa sababu anaifahamu. Kuna raha fulani mbaya katika uchungu uliouzoea. Alisimama hivyo muda mrefu kiasi kwamba kivuli chake kilitoka upande huu kikaenda upande ule.

Kisha akaushusha mkono, akashika ukuta, akaanza kuzunguka nyumba.

Alipofika kwenye kona alitazama nyuma. Hanitaki ilikuwa bado kizingitini, inahangaika, inanyanyua mguu na kuurudisha. Ilikuwa imezaliwa mlango wa mbele. Njia ya uani haikuijua. Kazija aliionea huruma, unaamini? Walikuwa wamekula pamoja siku nyingi. Lakini hakuirudia.

Mlango wa uani ulikuwa wazi, umeegemezwa jiwe ili usijifunge. Ndani ya ua palikuwa na jiko la mafiga, kamba ya nguo, na Mize amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Mbele yake palikuwa na kigoda cha pili, na juu yake imekaa fikra yake. Kazija akashtuka, maana ilikuwa na mgongo wake yeye, imejifunga kanga ya kijani, imegeuka kama mtu anayeondoka. Ilikuwa inaondoka hivyo bila kwisha, na ilikuwa haiendi popote.

Mize akainua uso. Kwa nukta moja alikuwa msichana wa mabutu mawili, kisha akawa mwanamke mzee sana.

“Hodi hupigi siku hizi?” akasema.

“Hapa, Dada?”

“Haya nakuuliza tu.”

Kazija alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga miaka yote ile, akatafuta hata moja, likatoka lile lile.

“Siku ile nilisikia kikombe.”

“Ulikisikia?” Mize akaacha mchicha. “Kilikuwa chako. Sauti yako ilipofika tu nikajua ni wewe, nikainuka, nikakimiminia chai nikakuwekea hapa. Nikakaa naitazama kona ile. Nikasema huyu ana hasira zake, muache aichezee hodi ya mbele, akichoka atazunguka. Ikaja na ya tatu. Nikasikia viatu vinakwenda, nikafika konani, nikauona mgongo wako tu. Nikawaza, basi, mdogo wangu amekuja kunionyesha kwamba yeye na mimi ni wageni. Ameshanikata.”

“Ungeitikia tu, Dada. Ungesema karibu, neno moja.”

“Nikuambie karibu wewe?” Sauti ya Mize ikakatika, akafunika uso kwa ncha ya kanga, mikono yote majani matupu. “Karibu anaambiwa mgeni, Kazija. Nilishakuita mgeni mara moja mbele za watu, ulimi ukaniwasha siku arobaini. Nikuite tena?”

Hapo miaka ikamfikia Kazija yote kwa pamoja. Ilianzia magotini, ikapanda kiunoni, ikamkunja mgongo, na zile mvi saba zikaenda kichwa kizima mpaka nyusi. Haikuwa kumi na miwili. Ilikuwa mingi kuliko aliyowahi kuitaja. Akashika nguzo ya kamba asianguke, na akalia kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia kwenye matanga ya mama, na hakuna aliyemtikisia kichwa.

Mize hakumwendea, magoti yake nayo hayakuwa ya kuinuka haraka. Alinyoosha mkono tu, akaipapasa ile fikra bega, kama unavyomwambia mtu pisha. Ile yenye mgongo ikasimama. Mara hii kweli ikaondoka, ikatoka kwa mlango wa uani, na kigoda kikabaki kitupu.

Kazija akakaa. Karibu na mguu wa kigoda, chini, palikuwa na kikombe juu ya kisahani, kimefunikwa kwa kawa ndogo nzi wasiingie. Kawa ilikuwa imebadilishwa mara nyingi, ilionekana, hii ilikuwa mpya. Mize akainama, akaifunua, akatia kidole ukingoni mwa kikombe.

“Imepoa,” akasema. “Nikupashie?”